Hana Maneno Mengi, Anaomba Vizuri

Chavakali, Maragoli
3 Agosti 1996

Bi. Kavutha Ndete,

Salamu sina. Nilizokuwa nazo zimeishia jana posta, nilipofungua bahasha ya shule nikiwa bado kwenye foleni ya stempu.

Ukurasa wa kwanza una sahihi ya mwalimu mkuu, Bwana Wanyonyi. Unasema kwamba mimi, Patrobas Luseno, mwalimu wa Kiswahili na Historia wa Phares Memorial kwa miaka tisa, si mwalimu tena, kwa kuwa nimekuwa nje ya shule zaidi ya siku kumi na nne bila ruhusa ya maandishi. Bila ruhusa! Mama yangu alilala hospitalini wiki tatu, akafa, nikamzika tarehe 20 Julai. Barua yao imeandikwa tarehe 19. Na ruhusa niliiomba kwa maandishi, nikamkabidhi Wanyonyi bahasha mkononi tarehe 24 Juni pale langoni, kabla sijapanda basi.

Hiyo ningeimeza. Kilichonichoma ni ukurasa wa pili. Wameambatisha kipande cha kumbukumbu za mkutano wa Bodi wa tarehe 14 Juni, nami nakuandikia maneno yenyewe usije ukasema nimeongeza chumvi: "Sheria ya siku kumi na nne ilithibitishwa. Kumbukumbu zilipendekezwa na Mchungaji Matheka, zikaungwa mkono na Mwakilishi wa Wafanyakazi, Bi. K. Ndete."

Wewe! Kiti hicho tumekipigania miaka mitatu. Umesahau tulivyoweka chaki chini siku mbili mwaka wa 1993, Mkurugenzi Muoki akaingia darasani kwangu kufundisha Historia mwenyewe, akawaambia kidato cha pili kwamba reli ya Mombasa ilijengwa na Wajerumani? Tulitaka jambo moja tu, kwamba mmoja wetu sisi tunaofundisha na kupika na kufagia aketi pale ambapo mambo ya shule yanaamuliwa. Mwaka huu akakubali. Nikasimama katika chumba cha walimu, nikataja jina lako kwa mdomo wangu huu, na wote wakapiga makofi.

Kikao chako cha kwanza, unaninyonga. Nadhani mlielewana na Muoki kwa Kikamba chenu, sisi wengine tukabaki na Kiswahili chetu.

P. Luseno


Makongeni, Nairobi
12 Agosti 1996

Mwalimu Luseno,

Salamu ulizoninyima mimi nakupa, kwa sababu umefiwa na kwa sababu nililelewa. Pole sana kwa mama. Sasa nisikilize.

Unajua kazi yangu. Ninaosha mirija ya maabara, ninafunga gesi, ninawazuia watoto wasionje asidi. Sijawahi kuketi na wakubwa. Siku ile ya Juni niliingia ofisini nikakuta viti vinne kwenye meza: cha Mkurugenzi, cha mkewe Mama Teresiah, cha shemeji yao Mchungaji Matheka, na cha Wanyonyi, katibu. Cha tano hakikuwepo. Wanyonyi akaniambia nilete stuli ya maabara. Nikaenda kuibeba mwenyewe, nikaketi karibu na mlango.

Mchungaji akasema, "Dada Kavutha atatufungulia kwa maombi." Nikashangaa, mchungaji yupo, mbona mimi? Nikaomba. Hayo ndiyo maneno niliyosema kikao kizima, ukiondoa "asante, sukari kijiko kimoja."

Baada ya maombi Wanyonyi akasoma kumbukumbu za kikao kilichotangulia kwa Kiingereza cha mbio. Mkurugenzi akauliza nani anapendekeza zithibitishwe, Mchungaji akainua mkono. Akauliza nani anaunga mkono. Kimya. Mwalimu, kwetu katika chama cha akina mama pale kanisani, kuunga mkono kumbukumbu ni adabu tu. Anayeinua mkono ni yule anayetaka kikao kisonge mbele aende akapike. Ukimwacha mwenyekiti arudie swali, umemwaibisha mbele za watu. Basi nikainua. Mkurugenzi akatabasamu, na mimi mjinga nikafurahi kwamba nimeanza vizuri.

Jina lako sikulisikia likisomwa popote. Kulikuwa na sheria ya siku kumi na nne, katikati ya habari za rangi ya lango na sare mpya. Ndivyo ilivyokuwa. Kosa ni langu na nimelilia.

Lakini usinifanye mchawi. Wanyonyi aliibandika karatasi ile ubaoni wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule. Walimu wote wameacha kunisalimia. Kikombe changu kimeondolewa kwenye trei ya chai, nikakikuta juu ya dirisha la choo. Hayo sikukuandikia, nilidhani una msiba wa kutosha.

Na la Wakamba ulirudishe. Tangu niajiriwe, Mkurugenzi hajanisemesha Kikamba hata siku moja. Hunisemesha Kiingereza, ili nisielewe.

Kavutha


Chavakali
24 Agosti 1996

Kwa Kavutha,

Nimesoma barua yako mara tatu. Bado nina hasira, ila sasa sijui niielekeze wapi, na hilo linaniudhi zaidi.

Adabu! Miaka tisa nimewafundisha watoto kwamba neno lina uzito wake. Kuunga mkono ni kusema: hata mimi nasema hivyo. Kuthibitisha kumbukumbu ni kusema: nilikuwepo, nilisikia, ndivyo ilivyokuwa. Hapo ndipo nilipoweka barua yako chini nikasimama. Ulikuwepo? Kikao kilichopitisha sheria kilikuwa kile cha Machi, kile kile ambamo walikubali kutupa kiti. Wewe ulichaguliwa Mei. Asiyehudhuria kikao hana ruhusa ya kuthibitisha kumbukumbu zake, hilo hata viranja wa kidato cha kwanza wanalijua. Wanyonyi anajua. Mchungaji anajua. Walikuona ukiinua mkono wakanyamaza, kwa sababu walitaka sheria ile itoke na jina la mfanyakazi juu yake.

Shule zikifunguliwa mwendee Wanyonyi umwambie unataka faili la kumbukumbu. Ni haki yako kama mjumbe. Soma za Machi, mstari kwa mstari, uniandikie waliohudhuria ni nani. Ukinyimwa, niandikie. Ukiogopa, niandikie pia nijue.

P. Luseno


Makongeni
9 Septemba 1996

Mwalimu,

Sikuogopa. Nilisoma.

Wanyonyi alinizungusha siku tatu, mara ufunguo umepotea, mara Mkurugenzi hayupo. Siku ya nne nilibeba stuli yangu nikaketi mlangoni pa ofisi yake tangu saa nne hadi kengele ya chakula. Wasichana wawili wa kidato cha nne wakapita, mmoja akaniuliza habari zako kwa Sheng yao, "Madam, odijo wa Histo alitolewa aje? Na mtihani iko hapa tu, sisi tutado aje?" Nilimwambia amuulize aliye ndani. Wanyonyi akasikia, akatoa faili.

Nilihitaji kamusi ya maktaba, lakini nilisoma. Waliohudhuria mwezi wa Machi ni wanne, jina langu halimo. Hapo una haki.

Nikaendelea, kwa sababu uliniambia mstari kwa mstari. Namba ya sita, ambayo Wanyonyi aliiruka alipotusomea Juni: kiti cha wafanyakazi. Nimeitafsiri usiku kucha kichwani na sikosei. "Mkurugenzi aliieleza Bodi kwamba alimwita Mw. Luseno kwa faragha na kumpa kiti hicho yeye mwenyewe. Mw. Luseno alikataa. Alipendekeza Bi. Kavutha Ndete wa maabara, akisema kwamba hana maneno mengi, na anaomba vizuri. Bodi iliafiki."

Hana maneno mengi. Anaomba vizuri.

Kumbe hukunitaja kwa kuniamini! Ulinitaja kama mtu anavyochagua kiti kisicho na misumari. Ulikuwa umeshapatana na Muoki faraghani, halafu ukaja mbele ya walimu ukanisifu nikatokwa na machozi. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu, "Baba Kimeu, nimechaguliwa." Akanunua nyama.

Na unajua kinachoniuma kuliko yote? Kumbukumbu nilizoinua mkono kuzithibitisha ni hizo hizo. Nimeunga mkono kwamba sina maneno. Nimeweka jina langu chini ya tusi langu mwenyewe, kwa adabu.

Nilikuwa nimeanza kukuonea huruma. Koma kunifundisha.

Kavutha Ndete


Chavakali
20 Septemba 1996

Kavutha,

Ni kweli. Sikujua kwamba Muoki aliyaandikisha.

Aliniita Februari, akaniagizia soda, akaniambia kiti ni changu. Nilimtazama nikaona mtego. Mtu akiketi pale akipinga anafukuzwa, asipopinga wenzake wanamtema. Nilitaka kiti kiwepo lakini nisikikalie mimi. Nikafikiri nikimweka mtu mpole nitakuwa nyuma yake nikimwambia la kusema, na likiharibika si mimi. Hilo la maombi nililisema kwa sababu Muoki aliuliza una sifa gani, nami sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilikumbuka ulivyoomba siku ile tulipomzika bawabu wa zamani, na watu wote wakalia.

Nilikuwa mwoga, nami nikauita woga wangu mkakati. Kisha nikakuandikia barua ile ya kwanza kama malaika.

Usifanye lolote kwa ajili yangu. Nimepata vipindi vichache katika shule ya hapa. Si kazi, ni kitu cha kunitoa nyumbani asubuhi.

Patrobas


Makongeni
12 Oktoba 1996

Mwalimu,

Sikufanya kwa ajili yako. Hilo liwe la kwanza.

Kikao kilikuwa jana Ijumaa, saa nane mchana. Nilikuwa nimemwandikia Wanyonyi barua kuomba jambo la ruhusa yako liingizwe kwenye ajenda. Akajibu kwamba ajenda imejaa. Nikaitazama ajenda hiyo. Ilikuwa na mambo tisa, na jina langu lilikuwa mahali pawili, la kwanza na la mwisho: kufungua kwa maombi, kufunga kwa maombi.

Nikaketi kwenye stuli yangu. Mchungaji Matheka akasema, "Dada Kavutha, tufungulie." Wote wakasimama, wakainamisha vichwa, wakafumba macho. Hapo ndipo nilipoona kwamba katika shule nzima nimepewa mahali pamoja tu ambapo hakuna mwenye ruhusa ya kunikatiza.

Nikasema, "Baba, unajua mwezi wa sita niliinua mkono huu kuthibitisha kikao ambacho sikuhudhuria. Nisamehe. Uwasamehe na walioniona nikiinua wakanyamaza, maana wao walihudhuria."

Mchungaji akasema, "Amina!" kwa sauti ya kufunga mlango.

Nikasema, "Asante, Baba, kwa mtumishi wako anayekubaliana nami. Baba, ulikuwepo tarehe 24 Juni pale langoni, Mwalimu Luseno alipompa Bwana Wanyonyi bahasha ya kaki, na Abukar wa lango akawaona wote wawili. Kama imepotea, mfunulie Wanyonyi ni droo gani. Baba, Mwalimu alikwenda kumuuguza mama yake. Walimwandikia kabla hajamtia kaburini. Wewe una mama, Bwana. Unajua."

"Amina, amina!" Mchungaji tena. Nikapandisha sauti kama yeye mwenyewe anavyopandisha Jumapili.

"Waangalie wapishi, Baba. Wanapika kwa kuni katika chumba kisicho na dirisha. Wameomba dirisha mara tatu, wakaambiwa waandike barua, nawe unajua kwamba wawili wao hawajui kuandika. Waangalie watoto wa kidato cha nne. Mtihani umefika na Historia wanajifundisha wenyewe. Na stuli hii, Baba, unaiona. Uliona nani aliibeba."

Mkurugenzi akakohoa. Akasema, "Dada, muda."

Nikasema, "Muda ni wako, Baba." Nikaendelea.

Haikuwa woga, Mwalimu. Hasira zote za tangu Julai, za kikombe juu ya dirisha la choo, zako, zangu, zilitoka na jina la Mungu mbele na hakuna aliyethubutu kuketi. Mwishoni nikasema, "Nami umeniumba na maneno. Walioandika kwamba sina, uwasahihishe." Nikasema Amina. Aliyeitikia ni mmoja tu, Mama Teresiah.

Tukaketi. Mkurugenzi alikuwa amekunja uso. Akataka tumalize upesi, akauliza nani anapendekeza kumbukumbu za Juni zithibitishwe. Mchungaji akainua mkono. "Nani anaunga mkono?" Mwenyekiti haungi, katibu haungi. Tulibaki wanawake wawili. Nikaiweka mikono yangu chini ya mapaja, nikaikalia.

Akarudia. Adabu yote niliyofunzwa ilikuwa inanivuta mabega, lakini sikuitoa. Akarudia mara ya tatu, sasa akimtazama mkewe. Mama Teresiah alikuwa anapangusa miwani. Akasema taratibu, "Baba, mimi nimesema Amina. Siwezi kusema Amina halafu niinue mkono."

Wanyonyi akaweka kalamu chini, akanong'ona kwamba kama za Juni hazikuthibitishwa, basi hata sheria ya siku kumi na nne haijathibitishwa. Mkurugenzi akasema kikao kimeahirishwa. Hata maombi ya kufunga hayakuombwa.

Yatakayofuata siyajui. Huenda Jumatatu nisiwe na kazi. Nimewaambia walimu hivyo hivyo nilivyokuandikia. Leo asubuhi nilipita shuleni kufunga gesi nikakuta kikombe changu kimerudi kwenye trei. Nilikiosha mara mbili ndipo nikakitumia.

Kavutha


Chavakali
26 Oktoba 1996

Dada Kavutha,

Nimepokea barua ya shule. Nakunukulia, maana najua nakala yako watachelewa kukupa:

"Barua yako ya ruhusa ya tarehe 24 Juni imeonekana katika droo. Unatakiwa kuripoti kazini Jumatatu tarehe 4 Novemba. Kazi ya Mwakilishi wa Wafanyakazi itaendelea kama kawaida. Aidha, katika kikao cha dharura, Bodi imeazimia kwamba kuanzia sasa mikutano yake yote itafunguliwa kwa maombi ya kimya."

Maombi ya kimya! Nilicheka mpaka dada yangu akaja kutazama, halafu nikakasirika kuliko siku ya kwanza. Wamekuachia stuli wakachukua mdomo.

Nimewaza njiani kutoka posta. Labda sasa wakati umefika mimi nikikalie kiti hicho. Wewe umefanya sehemu yako, umepuliza moto wa kutosha. Mimi woga umenitoka, na mimi hawawezi kuninyamazisha, nina maneno. Uwaambie walimu wajiandae kupiga kura. Nakuletea ndizi na kuku wa kienyeji.

Kaka yako,
Patrobas


Makongeni
31 Oktoba 1996

Mwalimu Luseno,

Barua hii itakufikia ukiwa unafunga mizigo, natumaini. Karibu tena Nairobi. Kidato cha nne wameshaandika mtihani wa somo lako la Kiswahili bila wewe, wahi Historia.

Kiti sikitoi.

Ulipewa kiti hicho, na soda juu yake, ukakikataa. Sasa kimepoa unakitaka. Hujabadilika, bado unanipangia mahali pa kuketi na mahali pa kuinuka. Aliyekuambia nimechoka ni nani? Wapishi wamekatiwa dirisha jana, nilisimama pale mpaka fundi akamaliza. Kikao kijacho nitaketi mezani, nimeshamwambia Wanyonyi, na stuli imebaki maabara.

Kuku mpe dada yako. Ukitaka kuniletea kitu, niletee hiki. Jumatatu saa ya chai usimame mahali pale pale uliposimama ukinisifu, uwaambie walimu neno kwa neno yale uliyomwambia Muoki mwezi wa Februari. Ukimaliza hilo, uwaambie na la Wakamba, maana nimekuomba ulirudishe tangu Agosti na hadi leo hujalirudisha. Mimi nitakuwepo, na kikombe changu. Ukiyasema yote, nitakumiminia chai. Usipoyasema, tutafanya kazi pamoja kama watu wa ofisi moja, na barua zangu utakuwa umezisoma zote.

Kuhusu maombi ya kimya, usinisikitikie. Ajenda ya tarehe 29 Novemba imetoka leo na ninayo hapa. Namba moja: kufungua, maombi ya kimya. Zinafuata namba saba za mambo yao. Nitaketi nizisikilize zote saa mbili nzima, na kalamu mkononi.

Namba tisa wamesahau kuibadilisha. Kufunga kwa maombi, Bi. K. Ndete.

Kavutha Ndete
Mwakilishi wa Wafanyakazi